Makumbi ya mama yako yalivofika Nyeri

Sahibu yangu, asalaam aleikum,

Habari za Muscat na hilo joto? Sisi tumerudi Jumapili usiku kutoka kambi ya maskauti kule Nyeri, watoto wote 24 wazima, alhamdulillah, na jana nimelala siku nzima. Najua tuliongea mara mbili wiki ile lakini zilikuwa simu za haraka, netiweki inakatika, watoto wanapiga kelele nyuma, na kuna jambo la mwanao nilikuficha makusudi. Ndo maana nakuandikia, usome polepole ukishatoka kazini.

Safari ilikuwa nzuri. Tulipanda ile treni ya asubuhi pale Miritini, Mombasa, tulipofika Tsavo wakaona ndovu wamekuwa wekundu kwa ule mchanga, basi behewa zima likahamia dirisha la upande mmoja mpaka mhudumu akaja kutuomba tukae. Nairobi saa nane na kitu, tukaingia basi, Thika, Karatina, tukafika Nyeri giza limeshaingia na sahibu, ile baridi! Unaikumbuka tulivoenda mimi na wewe tukiwa fomu tuu? Basi ni ile ile. Agosti kule ni ukungu na manyunyu, jua unaliona saa sita likitaka. Watoto wa Likoni na Kisauni ambao hawajawahi kulala na soksi maishani mwao, usiku wa kwanza walivaa kila walichobeba, kuna mmoja alivaa na kanzu juu ya sweta mbili.

Sa sikia. Siku ya kuondoka mama yako alimfungia mwanao kiroba cha makumbi makavu, yale maganda ya nyuzi ya nazi, na vifuu vichache, ati huko bara atapata wapi cha kuwashia moto. Wenzake walimcheka pale stesheni na kiongozi wake wa patroli, yaani kile kikundi chao kidogo, akataka kiachwe, mimi nikasema mwacheni, mzigo ni wake na anaubeba mwenyewe. Nilisema hivo ili tu asione haya, sikuwa na wazo jingine.

Jumatatu tulifundisha alama za njia, zile zile za zamani, mshale wa vijiti, msalaba wa kukataza njia, na ile ya mduara wenye jiwe katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Mwanao alikuwa kimya siku nzima lakini anazifanya vizuri kuliko wote. Usiku, kama saa saba hivi, nikatoka kukagua mahema, nikamulika tochi mlangoni kwao nikaona mduara wa mawe na kijiwe katikati. Walahi moyo ulinidunda. Nilimkuta kando ya jiko, begi mgongoni, viatu amefunga, anatetemeka, hakuwa amejua aelekee wapi.

Sikumgombeza. Niliwasha stovu tukapika chai ya tangawizi tukakaa. Akaniambia ami nataka kurudi kwa nyanya. Nikamuuliza, nikupigie baba uongee naye? Akaruka, hapana ami, usimwambie baba, aliniambia nisimtie aibu. Sahibu, nakuandikia hili kwa mapenzi, na wewe ndo mtu wa kwanza ningependa aniambie mimi ningekuwa nimekosea. Najua ulilisema kwa nia njema, ukiwa mbali unataka mtoto awe imara, lakini yeye amelibeba hilo neno vibaya, ana miaka kumi na moja na alikuwa anaogopa kulia mbele ya wenzake kwa sababu ya hilo neno tu. Nilimwambia hata mimi na baba yako tulilia kule, na ni kweli, usikatae, ile kambi yetu ulilia chini ya blanketi na nikajifanya sisikii. Akanitazama sana. Akanywa chai ikaisha, akarudi kulala mwenyewe, na asubuhi nikakuta yale mawe ameyatoa.

Jumanne mvua ilinyesha kutwa na usiku kucha. Jumatano asubuhi patroli zote nne ziko mekoni, kuni zimeloa, ni za mkaratusi tulizouziwa kwa bei mbaya, moshi unatoka lakini moto hakuna, vibiriti vinaisha, uji haujapikwa na saa mbili inakaribia, watoto wana njaa hata maneno hawana. Ndo mwanao akaenda hemani akaja na kiroba. Hakusema kitu. Akachambua makumbi mpaka yakawa kama nywele, akaweka kifuu kimoja juu kimekaa kama bakuli, akawasha kibiriti kimoja, akapuliza polepole huku ameziba upepo kwa mgongo, moto ukashika. Kisha akaanza kupasua zile kuni apate moyo mkavu wa ndani, hilo nilikuwa nimewafundisha ila ni yeye tu aliyelikumbuka saa ile. Akawagawia patroli nyingine tatu, na yule aliyetaka kiroba kiachwe ndo alikuwa wa kwanza kuja kuomba. Alimpa, hakumkumbusha.

Alhamisi tukaenda kaburini kwa Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, pale makaburini Nyeri. Ukungu ulikuwa umefunguka, Mlima Kenya ukaonekana wazi kwa kama nusu saa hivi, ile barafu inang'aa, watoto wa pwani walikaa kimya kabisa. Nikawaeleza kwamba alikuja kuishi Nyeri uzeeni mwaka wa 1938 na akafia hapo tarehe 8 Januari 1941. Mwanao alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe, akaona ule mduara wenye nukta katikati uliochongwa. Akanivuta mkono, akasema kwa sauti ya chini, ami, na yeye aliandika. Sikuweza kumjibu, nilimshika tu bega. Baadaye tukapita Paxtu, ile nyumba yake pale hoteli ya Outspan, wakaona skafu za maskauti wa nchi nyingi zilizoachwa hapo, lakini yeye bado alikuwa anawaza lile jiwe, nilimuona.

Ijumaa niliwapeleka wale wa kuswali msikiti wa mjini, usiku ikawa kampfaya, ule moto wa kambi wa kuimbia, na mwanao aliimba. Sikudhani ningemsikia. Gajeti yao, ile chanja ya vijiti ya kukaushia vyombo, ilianguka mara mbili, kamba zake alifunga yeye, hapo bado tuna kazi. Chakula kiliwashinda wengi, githeri siku tatu mfululizo, wanaota mahamri na mbaazi.

Basi ndugu yangu, mpigie Ijumaa baada ya swala. Usimuulize habari za usiku ule mpaka mwenyewe aanze. Muulize moto wa makumbi unavoshikishwa kuni zikiwa zimeloa, atakueleza nusu saa. Halafu tuma hela kidogo ya sweta, lile alilobeba limeungua mkono mmoja kwa cheche na nyanyake hajaliona bado.

Wasalimie jamaa wote huko.

Wako wa siku zote,
Mwenzio wa hema moja