Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Wabunifu, Lindi

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya kamati vimefanyika, kodi ya karakana imelipwa, mashine ya kuchomelea imetengenezwa ikaharibika tena, vijana wa chuo cha ufundi cha VETA wamekuja kujifunza. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nataja tu kwamba wanachama tuko 46, waliolipa ada kamili ni 17, wenye deni la zaidi ya mwaka ni 21, waliobaki wanatoa nusunusu, na benki tulikuwa na shilingi 1,340,000 kabla ya jambo ninaloliingia sasa.

Jambo lenyewe ni maonesho ya wakulima ya Nanenane. Yamesemwa mengi mitaani, kwamba mwenyekiti kawanyima watu soko. Kamati iliamua kibangulio cha korosho cha fundi wetu wa Mtama na kikaushio cha dagaa cha mama yetu wa Kilwa visipelekwe viwanja vya maonesho vya Ngongo. Hoja niliileta mimi, na ningeileta tena kesho. Kikao kilichopitisha kilihudhuriwa na watu tisa. Wanaolalamika kwa sauti kubwa hawakuwepo, na taarifa walipewa.

Sheria inataka uvumbuzi unaoombewa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe, uwe mpya, usiwe kitu ambacho fundi yeyote angekifikia kirahisi, na uweze kutumika kiwandani au shambani. Upya huo unapimwa kwa dunia nzima, si kwa Lindi. Ukiuanika hadharani kabla ya maombi kufika BRELA, wakala wa serikali anayesajili hataza, unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Mmesahau chekecheke ya ufuta mwaka uliopita? Mwenzetu alisimama bandani akimweleza mgeni kwa uungwana wote, mgeni akapiga picha kila upande, akaomba hata kupima matundu kwa futi. Msimu ulipofika, chekecheke zile zile zilikuwa zinauzwa mnadani. Ukienda kushtaki, unakwenda na karatasi gani?

Mwanachama mmoja, msomi, alisema mikataba ya kimataifa inalinda vitu vya maonesho. Ni kweli, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unatoa kinga ya muda, lakini kwa maonesho ya kimataifa yaliyo rasmi au yanayotambuliwa rasmi. Yetu ya Ngongo ni ya wakulima wa kanda. Sikuwa tayari kubahatisha kwa jasho la mtu.

Wengine wanauliza kwa nini kazi ilichukua muda mrefu wakati "wazo lilikuwepo". Wazo tupu halipewi hataza. Andiko la kwanza la fundi lilisema: mashine ya kubangua korosho haraka bila kuvunja kokwa. Hivyo ndivyo anavyosema kila mwenye mashine ya korosho, kuanzia Newala mpaka India! Tulipekua kanzidata ya hataza ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, iitwayo PATENTSCOPE, ambayo ni bure hata kwa simu, tukaona waliotutangulia. Kisha tukakaa naye karakanani mpaka kikajulikana kilicho chake: visu viwili vilivyoshikwa na springi, vinavyojipanua kwa kufuata ukubwa wa korosho, hivyo vinakata ganda bila kugusa kokwa. Hicho ndicho kilichoandikwa kwenye madai, yaani sehemu ya maombi inayotaja kinachoombewa ulinzi, na kuchorwa, kila kipande na namba yake. Kazi hiyo niliisimamia mwenyewe, mara nyingine hadi usiku, na posho sikudai.

Gharama za wakili, michoro, ada na nauli zilifika shilingi 780,000. Mnasema fedha ya wote imelipia mali ya mmoja. Maombi yako kwa jina lake kwa sababu aliyevumbua ni yeye. Chama hakikushika hata tupa. Amesaini kuzirejesha fedha hizo pindi mashine zikianza kuuzwa, na mkataba uko kwa katibu, anayetaka akausome. Mama wa Kilwa bado anasubiri, na sababu ni hao 21 niliowataja. Mpaka zamu yake ifike, yeyote anayechomelea kikaushio chake asaini kwanza karatasi ya kutunza siri, hata akiwa shemeji.

Hataza ya hapa haivuki Ruvuma. Ndani ya miezi 12 tangu maombi ya kwanza, fundi anaweza kuomba kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, akachagua na Msumbiji, huku akihesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo. Hataza ya ARIPO hudumu miaka 20, mradi ada ya kila mwaka ilipwe, isipolipwa, inakufa. Nayasema haya mbele ya watu walioshindwa shilingi 2,000 za mwezi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwaleta wataalamu wa BRELA na wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, watufundishe, na kutafuta wafadhili. Miezi ya fundi wetu inakwenda. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya chakula.