Barua kwa mwanangu: zawadi za kununua Tabora kabla hujapanda treni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kigoma. Sisi sote wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali.

Dhumuni la barua hii ni lile duka ulilouliza, lililo ndani ya jengo la zamani la soko hapo Tabora, linalouza asali, khanga, mabao na makorokoro ya kila namna. Zawadi za nyumbani nunua humo, ila nenda asubuhi. Kuta zile ni nene na madirisha madogo, kwa hiyo ndani kuna ubaridi mzuri na giza, na gizani khanga ya zambarau na ya kahawia ni mapacha. Kila unachokitaka kitoe mpaka mlangoni penye mwanga, kigeuze chini juu, ndipo uulize bei. Na umwamkie mwenye duka kwanza. Ukianza na "hii shilingi ngapi" utatajiwa bei ya mgeni.

Asali ya babu ndiyo ya kwanza. Usijisumbue kuipima kwa kiberiti wala kuidondoshea mchangani, vipimo hivyo havikwambii kitu. Chukua chupa iliyofungwa vizuri, iliyojaa mpaka karibu na shingo, uipindue kichwa chini utazame kile kiputo cha hewa. Kwenye asali iliyokomaa hupanda taratibu, kimoja kikubwa. Kama warina waliivuna kabla nyuki hawajaziba masega, au kuna mtu kaitia maji, kiputo kitakimbia. Kisha omba mizani. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita 5 lililojaa lifike kilo 7 bila kuhesabu dumu lenyewe. Ukiona 6, umeuziwa maji.

Weusi na harufu ya moshi visikutishe. Asali ya miyombo mara nyingi ni nyeusi, na moshi ni wa urinaji. Ikiganda chembechembe nayo si kwamba imetiwa sukari. Dumu likae kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, itayeyuka. Maji ya kuchemka huiua harufu. Cha kukataa ni povu juu na harufu ya pombe, maana hiyo imeshachacha. Asali ya nyuki wadogo ni kesi nyingine. Yenyewe kwa asili ni nyepesi na ina uchachu, kwa hiyo kipimo cha kiputo hakiifai. Ni ghali, nunua chupa ndogo. Na yule mtoto wa dada yako, kwa kuwa hajatimiza mwaka, asirambishwe asali ya aina yoyote.

Baba yako mdogo anataka bao, na hapo ndipo watu hupigwa. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila upande una shimo moja la mraba, nyumba, la tano kutoka kushoto kwa mchezaji katika safu ya mbele. Ukiletewa la mashimo 12 au 14, hilo ni la watalii, hata likichongwa vizuri namna gani. Kete ni komwe 64. Zihesabu palepale, moja moja, kwa sababu kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na ikipungua hata moja huyo mzee hatanyamaza mpaka Idi. Kama ni la mninga, linganisha mawili ya ukubwa mmoja. Lililo zito kuliko mwenzake na la baridi kiganjani ni la mti mbichi, litapasuka likikauka. Halafu liinamishe juu ya karatasi nyeupe uligonge mgongoni. Ukidondoka unga laini kama wa sembe, bungua bado wamo kazini.

Khanga ya mavyaa wako, soma jina mara mbili. Pindo na mji vinaweza kupendeza na maneno yakawa ya kumsuta mtu, nawe ukalaza watu na viatu. Fungua doti yote uhakikishe jina limechapwa sawa kwenye vipande vyote viwili na halijaliwa na pindo. Khanga mpya hukakamaa kwa wanga, kwa hiyo ifikiche kwenye vidole kisha uielekeze kwenye mwanga. Ikiwa unga umetoka na unaona uso wa muuzaji upande wa pili, iache. Ile iliyotundikwa mlangoni ni ya kuitia wateja, jua limeshaila. Omba ya rafuni. Mikeka ya ukindu fanya kinyume, usichukue iliyoegemezwa ukutani chini, maana wakati wa mvua kuta hizo huvuta unyevu na ukungu huanzia upande usiouona.

Utaonyeshwa pia sarafu. Ni kweli Wajerumani walitengeneza fedha hapo Tabora mwaka 1916, vita vilipowakatia njia ya bahari. Heller 5 na heller 20 za mwaka huo zina herufi T. Ni za shaba, au shaba iliyochanganywa na zinki, kwa hiyo zikinaswa na sumaku ni za juzi. Chukua iliyochakaa na kufubaa, usikubali iliyosuguliwa kwa limau na mchanga, imeshapoteza thamani. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, hata akuapie, usinunue dukani. Ya kweli ina gramu 7 na ushee, na ya bandia inaweza kupimwa ikaleta uzito huohuo.

Mawese na dagaa usihangaike navyo, tunavyo huku.

Kufunga: dumu la asali lisijae mpaka mdomoni, liachie nafasi ya vidole viwili, maana likipata joto hutanuka. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, ukaze, kisha litie wima ndani ya ndoo yenye mfuniko. Khanga ziwe kwenye begi jingine kabisa. Kuja huku ni kama kilometa 400 za kutikiswa, na asali ikishaingia kwenye doti mpya, sisimizi wa behewa zima watakuwa wageni wako.

Nikumbushe siku ya kufika, baba yako aje stesheni na mkokoteni.

Mama yako