Mwanangu, Anza na Paa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha za kiwanja utakachojenga nyumba huko Turkana nimeziona, na nimefurahi wazee wamekukubalia. Ila barua yako yote ni papai na sukuma wiki. Maji umeyapa mstari mmoja tu, kwamba utachimba kisima. Chimba, sawa, lakini huko Turkana maji kuwepo ni jambo moja, kunyweka ni jingine. Mwaka 2013 nchi nzima ilishangilia maji yaliyogunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi, huko huko Turkana. Yalipokuja kupimwa, yakakutwa na chumvi. Yako yapimwe chumvi na floridi, ile madini inayoharibu meno ikizidi, kabla hujanunua pampu.

Wewe anza na paa. Lodwar, mji mkuu wa Turkana, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na mwaka mbaya haifiki hapo. Milimita moja ikinyeshea mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 basi ni lita 16,000 kwa mwaka. Ondoa zinazopotea, tuseme 12,000 zibaki. Watu wanne, kila mmoja lita 20 kwa siku, hayo ni maji ya miezi mitano. Lakini mvua yenyewe huja kwa vishindo vichache, kwa hiyo tangi dogo litafurika huku ukitazama. Maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, yamwage. Mdomo wa tangi uwekee wavu, mbu wasitage humo.

Bati linachoma, najua. Chini yake weka dari ya makuti ya mkoma, uache nafasi upepo upite. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini.

Miti, panda mwarobaini kwanza, kila mche ndani ya tuta la nusu mwezi, mikono ya tuta ikielekea upande maji yanakotoka. Mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa ovyo, usipande hata mmoja. Si unajua kuna mbuzi wa Baringo aliyepelekwa mpaka mahakamani Nairobi, watu waone maganda ya mti huo yalivyommaliza meno? Ukiukuta kiwanjani, kata uchome mkaa.

Ile laga ya nyuma, mkondo wa mto wa msimu, usijenge karibu nayo hata ikiwa kavu. Mvua hunyesha milimani, kwako jua linawaka, mara maji hayo. Na kile kijia kinachoonekana pembeni ni cha mifugo kwenda mtoni. Ua lako likikifunga, utagombana na majirani kabla hujahamia.

Nitumie vipimo vya paa kabla hujaagiza bati. Fundi wa gata, mifereji ya kuteka maji ya paa, ninaye hapa Kitale, ila usimlipe yote mapema.

Mama yako