Funika piano kwanza

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu nilipofika pale unaposema unafanya mazoezi ya piano masaa manne kila usiku ili vidole visikuaibishe mbele ya jopo la udahili wa uzamili wa elimu ya muziki.

Pole kwa vidole. Lakini sikufichi: unajiandaa kwa mtihani wa watu wengine. Uzamili wa upigaji ala una mambo yake, na huko ndiko wanakokaa na karatasi kuhesabu makosa yako. Hii unayoitaka wewe, ya elimu ya muziki, baadhi ya vyuo watakuomba upige au uimbe kidogo, sikatai. Ila wanachokitafuta zaidi ni hiki: huyu mtu amewahi kusimama mbele ya watoto, na aliposimama aliona nini?

Nikusimulie yangu. Kwenye maombi nilitakiwa kutuma video ya dakika 20 nikifundisha. Nikafanya kama ambavyo ungefanya wewe. Nikaacha darasa la kawaida nikachukua kwaya, nikachagua wimbo tuliokuwa tumeupiga msasa muhula mzima, nikawapanga warefu nyuma na wafupi mbele. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye tangu mwanzo wa mwaka alikuwa hakai kwenye sauti. Huyo nikamtuma akalete chaki. Kwaya ikaimba, ikapendeza, nikakubaliwa.

Muhula wa kwanza, wiki ya tatu, mhadhiri akatupa kazi: rekodi kipindi chako cha kawaida, kisha kitazame ukiwa na saa ya kuhesabia sekunde. Watoto wakifanya muziki, iwe kuimba, kupiga ala au hata kupiga makofi kwa mapigo, washa. Wakinyamaza wamsikilize mwalimu, zima. Kipindi changu kilikuwa cha dakika 40. Watoto walifanya muziki dakika 9 na sekunde chache. Zilizobaki zote nilikuwa naongea mimi. Naeleza nota nzima ni nini, naeleza kwa nini tunasimama wima, naeleza upya kwa wale wa nyuma. Kuna mahali nasema "haya, sasa tunaimba" mara tatu kabla hata mtoto mmoja hajafungua kinywa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika ofisini kwamba vipindi vya muziki ni vichache!

Sehemu kubwa ya masomo haya ni kazi ya namna hiyo, kujitazama hadi uone haya. Vitabu navyo vipo, vingi. Utakutana na majina unayoyajua, ya walioanzisha mbinu za kufundisha muziki: Kodály wa Hungaria, Orff wa Ujerumani, Suzuki wa Japani, Dalcroze wa Uswisi. Sisi tuliwasoma kama chupa nne za dawa kwenye rafu, chagua moja unywe. Nilipowasoma upya nikakuta walianza na kero, kama wewe na mimi. Émile Jaques-Dalcroze alianza kufundisha hamonia, yaani namna sauti zinavyopatana zikilia pamoja, katika chuo cha muziki cha Geneva mwaka 1892, akakuta wanafunzi wanaiandika vizuri kwenye karatasi lakini vichwani mwao haisikiki. Akawatoa kwenye madawati watembee, wageuke, wapige hatua kwa mapigo, na mbinu yake ikazaliwa humo. Shinichi Suzuki alijiuliza swali la kitoto kabisa: watoto wote wa Japani wanaongea Kijapani, tena bila mtihani wa kuchuja wenye kipaji, sasa kwa nini fidla ifundishwe vingine? Na zile ishara za mkono za do, re, mi ambazo tunaziita za Kodály si zake. Alizipata kwa John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, na solfa yenyewe, yaani kuimba nota kwa majina hayo ya do, re, mi, Curwen aliijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich aliyekuwa akitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba kanisani. Jina la mama huyo mimi sikulisikia hata mara moja katika masomo yangu ya awali. (Nililalamikia jambo hili katika insha mbili mfululizo, mhadhiri akaandika pembeni: "Tumekuelewa.")

Somo la falsafa usilikimbie. Najua utataka kulikimbia. Bennett Reimer, mwaka 1970, alitetea elimu ya muziki kwa hoja ya uzuri na hisia: mtoto afundishwe ili aweze kuguswa na muziki. David Elliott mwaka 1995 akaja na hoja ya kumpinga, kwamba muziki ni kutenda kwanza. Halafu Christopher Small, mwaka 1998, akasema muziki si kitu hata kidogo, ni shughuli, na aliye ndani yake si mwimbaji tu, ni pamoja na msikilizaji na hata anayekata tiketi mlangoni. Darasa zima likakuna vichwa. Mimi nikawa natabasamu, maana sisi tuna neno ngoma: ndicho chombo, ndio mchezo, ndiyo shughuli nzima na watu wake. Ila nilipofika nyumbani tabasamu likakauka. Kama muziki ni shughuli ya wote waliomo, yule niliyemtuma chaki nilimtoa wapi hasa?

Sikulishika wazo hilo papo hapo. Nilikwenda kwa msimamizi na mada ya tasnifu ya kifahari: athari za muziki katika maendeleo ya mtoto. Akaniuliza ni mtoto yupi. Nikasema watoto kwa jumla. Akafunga daftari. Alikuwa na tabia hiyo, na tabia nyingine ya kukaa na sura moja ya tasnifu yako wiki saba kisha kukurudishia ikiwa na maneno mawili tu ya kalamu nyekundu, "Kwa nini?" Nilimchukia muhula mzima. Lakini siku hiyo aliomba kuona ile video yangu ya maombi. Tukaitazama kimya. Karibu na mwisho, kwaya ikiwa katika kiitikio, mlango wa nyuma unafunguka kidogo na mvulana anasimama pale na boksi la chaki mkononi. Haingii. Anasubiri wimbo uishe, na ukitazama vizuri utaona midomo yake inacheza. Mimi nilikuwa nimeitazama video ile labda mara 30 na sikuwahi kumwona. Msimamizi akaisimamisha hapo hapo. "Huyu mlangoni ni nani?"

Tasnifu yangu ilianzia mlangoni hapo. Mtoto hakuwa na sikio bovu, sauti yake ilikuwa inavunjika. Kongomeo, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na hadi mwisho sauti inakuwa imeshuka karibu oktavu nzima, kutoka do hadi do ya chini yake. Haishuki kwa mpangilio. Kuna miezi ambayo kijana anabaki na nota tano au sita tu za kutegemea, na kesho zinaweza kuwa zimehama. Mimi nilikuwa nikimng'ang'aniza sauti ya kwanza, ile ya juu, kwa sababu mwaka uliopita ndiyo aliyoimba, na akikosa namwambia achezeshe midomo tu. Wavulana wangapi umewaambia hivyo, Mwalimu? Nakuuliza kwa sababu nilipoanza kuwahesabu wangu nilikomea njiani.

Nikauliza swali dogo sana: wavulana wanane walioacha kwaya wakati sauti inavunjika, wao wanasemaje kuhusu kuacha kwao? Kamati ya maadili ilirudisha fomu yangu mara mbili, na walikuwa sahihi. Saini ya mzazi peke yake haitoshi, mtoto mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa na ajue anaweza kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Mmoja alijitoa kweli, katikati ya mahojiano. Kuandika mahojiano neno kwa neno kutakumalizia jioni zako, rekodi ya nusu saa ilinila masaa matatu na zaidi. Lakini ndimo nilimosikia kijana akisema, "Mimi sijaacha kuimba. Naimba nikioga. Nimeacha kuimba kwako." Nimeinakili sentensi hiyo kwenye ukurasa wa 61, na sikuifanyia uchambuzi wa maana. Mtahini aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba ilikuwa inanihusu mno, akaandika kitu, tukaendelea.

Sasa mambo ya kiofisi, niyapitie haraka maana ulikuwa umeyapanga mengi. Uliza kama programu ina tasnifu au ni masomo na mradi. Ukiwa na ndoto ya uzamivu baadaye, tasnifu itakubeba. Muda hutegemea chuo, wa kutwa ni mwaka mmoja au miwili, wa nusu siku ni zaidi. Marekani vipo vyuo vinavyofundisha walimu wakati wa likizo ndefu, likizo tatu hivi hadi umalize, kwa hiyo kazini hutoki. Huko pia utakutana na nafasi za kumsaidia mhadhiri kazi kwa kubadilishana na ada. Ni nzuri, ila soma masharti ya masaa. Barua ya mapendekezo usiombe kwa mwenye cheo kikubwa ambaye hajawahi kuingia darasani kwako. Muombe aliyekuona ukifundisha siku mbaya. Na kabla ya kukichagua chuo, tafuta kazi za yule atakayekusimamia uzisome. Ukiona zinakusinzisha zote, basi miaka miwili na mtu huyo itakuwa mirefu.

Umeniuliza pia kama utarudi ukiwa mwanamuziki bora zaidi. Hapana. Mimi kwenye piano nimerudi nyuma, mkono wa kushoto ndio kabisa. Siku hizi naongea kidogo darasani, hilo naweza kukuthibitishia kwa saa. Na kwenye kwaya nimeandika sauti ya ziada yenye nota nne, kwa ajili ya walio katikati ya kuvunjika. Wiki nyingine inasikika vibaya, nimekubali.

Kwa hiyo usiku wa leo funika piano. Jumatano ingia na simu kwenye kipindi chako cha darasa lile linalokusumbua, siyo kwaya, uiweke nyuma ya chumba na usiwapange watoto. Ukimaliza usikate kitu, nitumie yote. Yangu ya dakika 9 nitakutumia leo hii, uone nilivyokuwa najisikiliza.

Ni mimi, mwenzio wa sauti ya pili