Barua kwa binti yangu, mkimbiaji wa tatu

Lubumbashi, usiku wa zamu

Binti yangu mpenzi,

Ninakuandikia kwenye meza ya wauguzi, saa tisa usiku, wodi ikiwa imetulia isipokuwa mtoto mmoja anayekohoa upande wa dirishani. Wiki nzima tumekuwa tukipishana mlangoni, wewe ukitoka na begi lako na mimi nikiingia na usingizi wangu, na yale uliyoniambia juzi, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, sikupata nafasi ya kuyajibu. Ulisema kwamba katika tamasha la shule umewekwa kuwa mkimbiaji wa tatu katika mbio za kupokezana vijiti, kwamba nafasi ya nne amepewa msichana ambaye wewe unamshinda kwa kasi, na kwamba kwa sababu hiyo utajitoa kwenye mchezo wa kuigiza ili upate muda wa kufanya mazoezi na kumwonyesha mwalimu wa michezo kuwa amekosea.

Nianze na nafasi hiyo ya tatu, ambayo uliitaja kama mtu anayetaja adhabu. Anayekimbia wa kwanza hukabidhi tu, na wa nne hupokea tu. Wewe utapokea, utakimbia kona yote, kisha utakabidhi, na kona ndiyo inayowatupa nje wasiojua kuikimbia. Katika mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009, Usain Bolt alikuwa amekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 siku chache tu kabla, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia, na bado kwenye kupokezana vijiti Jamaika ilimweka wa tatu, Asafa Powell akamalizia, wakashinda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Beijing, timu ya wanaume na timu ya wanawake za Marekani ziliangusha kijiti jioni moja, kabla hata ya kufika fainali, na zote mbili ziliangusha mahali palepale: mkimbiaji wa tatu alipokuwa akimkabidhi wa nne. Mwalimu wako huenda anaifahamu hesabu hiyo kuliko unavyodhani. Msichana mwenye kasi asiyekuwa na mikono mizuri anaweza kufichwa mwishoni. Hapo kwenye kona hafichiki.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako hajalisikia. Nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari, nami nilikimbia katika tamasha la shule yetu, na mimi ndiye niliyepewa hiyo nafasi ya nne unayoililia. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, mistari imechorwa kwa chokaa, na kila anayepokea aliweka alama yake ya majivu chini: mwenzako akikanyaga alama, unaondoka bila kutazama nyuma na kunyoosha mkono. Siku hizo eneo la makabidhiano, ambamo kijiti lazima kipokelewe, lilikuwa la mita 20. Kwenu sasa ni mita 30, na kinachohesabiwa ni mahali kijiti kilipo, si mahali miguu ilipo. Mwenzangu alikuwa akija vizuri. Ila mkimbiaji wa sehemu ya ualimu, kwenye njia ya jirani, aliondoka, watu wakapiga kelele, nami nikaondoka pamoja naye, hatua tatu au nne kabla alama yangu haijakanyagwa. Nikamsikia mwenzangu akiniita, “Pokea! Pokea!”, sauti ikizidi kukatika, na kijiti kikanigusa kiganja nikiwa nimekwisha kuuvuka mstari. Mwamuzi aliinua bendera nyekundu.

Kama shuleni kwenu, alama za uwanjani na za jukwaani zilijumlishwa, na jioni sehemu yetu ya sayansi ilikosa kikombe kwa alama za mbio hizo tu. Kila mtu alisema wa tatu alikuwa mzito. Nami niliwaacha waseme. Nilimkuta nyuma ya madarasa akilia, nikampa kitambaa changu, nikamfariji kwa kosa langu mwenyewe. Unamfahamu, ni yule mama wa sokoni anayeniongezea kila mara konzi moja ya kapenta, wale dagaa wakavu, juu ya kipimo, na wewe uliwahi kuniuliza kwa nini narudi nyumbani nikiwa kimya baada ya kununua kwake. Juzi, uliponiambia habari ya nafasi ya nne, nilishindwa kulala mchana, nikaenda kumwambia. Alifunga mfuko wangu, akacheka kidogo, akasema amelijua jambo hilo tangu siku ile, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiutazama mgongo wangu.

Kwa hiyo usiniambie kwamba aliye wa nne ndiye anayeonekana. Mtu wa tatu humwona mwenzake kuliko umati mzima unavyomwona. Huyo msichana wa nne, badala ya kununiana naye, kaa naye mkubaliane hatua ngapi, alama iwekwe wapi, neno gani utamwita. Ukiwa kwenye kona, kijiti kishike kwa mkono wa kulia ili ukimbie karibu na ukingo wa ndani wa njia yako, naye apokee kwa mkono wa kushoto. Maana yake ni kwamba wa pili atakuletea kwa mkono wa kushoto, nawe utapokea kwa wa kulia bila kubadilisha. Mazoezi hayo hayahitaji uwanja wala kasi. Simameni wanne kwa mstari kwenye varanda ya darasa, mpeane kijiti mkiwa mnatembea tu, dakika ishirini kila siku wakati wa mapumziko. Basi muda unaotaka kuuiba kwenye mchezo wa kuigiza hauhitajiki, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya barua hii.

Umesema jukwaani una sentensi tatu tu: unaingia, unamletea mfalme habari, unatoka. Mfalme asipoletewa habari atamkasirikia nani? Kambo yako, yaani babu yako, alilipenda sana kundi la Mufwankolo, na anapenda kusimulia jinsi waigizaji wale wa mji wetu walivyocheza bila maandishi mkononi: walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akalichukua neno kutoka kinywani mwa mwenzake, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi ambacho masista walionifundisha mimi waliona haya kukisikia. (Na kama mwalimu wenu ameruhusu mjumbe azungumze kama watu wa mtaa wa Katuba wakati mfalme anazungumza Kiswahili cha vitabuni, basi kicheko chote cha ukumbi ni chako, hata kwa sentensi tatu.) Aliyechelewa kulipokea neno aliuacha mchezo mzima ukining'inia, na watazamaji wa hapa hawasubiri, humjibu mwigizaji kabla mwenzake hajamjibu. Unaona kwamba ni kazi ileile ya kona. Unamsikiliza anayekuja, unaondoka kwa wakati wake, si kwa wakati wako.

Wala mji huu haujawahi kutenganisha mchezo na maonyesho. Tarehe 14 Desemba 2010, wewe ukiwa bado mgongoni mwangu, timu yetu ya mpira, TP Mazembe, iliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili bila huko Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Mabao yalikuwa ya Kabangu na Kaluyituka. Lakini muulize mtu yeyote wa mtaa wa Kamalondo anakumbuka nini, atakuonyesha kipa Kidiaba akiruka-ruka kwa makalio juu ya nyasi, peke yake, mbali kabisa na lango lililofungwa, akicheza kwa ajili ya bao la mwingine. Fainali tulifungwa tatu bila na Inter ya Milano, na ngoma ile haikufutika.

Kama kweli ratiba zinagongana, mwambie mwalimu wako wa darasa wiki hii, ana kwa ana, wala usimtume rafiki yako. Wakikulazimisha uchague, nitayakubali utakayochagua, mradi iwe sasa, wakati mtu mwingine bado anaweza kujifunza sentensi zako au kona yako. Kujitoa siku tatu kabla ya tamasha sitakuruhusu.

Kuhusu viatu, hapana. Bei uliyonitajia ni ya minervali, ada ya shule, ya mdogo wako, na juu ya udongo ule mkavu viatu vyako vya sasa vinatosha, ukivifunga kamba mara mbili. Vazi la mjumbe lipo: chukua kitenge cha kijani kilicho chini ya sanduku langu, ukikunje bila kukikata, kwa maana ni cha harusi yangu. Usiku wa kuamkia tamasha kula bukari (ugali) yako kama kawaida, lala mapema; asubuhi kunywa chai na mkate, uviache vitumbua vya mafuta vya langoni mpaka mbio ziishe. Na kwa kuwa asubuhi za Juni hapa kwetu zina baridi ya kuuma, usivue sweta mpaka mmeitwa kwenye mstari. Nimewafunga bandeji wanariadha wengi waliovua mapema kwa sababu ya maringo.

Zamu yangu siku hiyo inakwisha saa moja na nusu. Nitakuja moja kwa moja na sare yangu, na sitakaa jukwaa la wageni karibu na mstari wa mwisho. Nitasimama kwenye kona, pamoja na mama wa kapenta, ambaye amesema atafunga meza yake asubuhi hiyo.

Ndani ya begi lako, chini ya daftari la kemia, utakuta kipande cha mpini wa ufagio. Nimekikata kwa msumeno wa jirani, sentimita 30 kamili, na nimekipiga msasa ili kisikuchome. Jioni mpe mdogo wako akukabidhi jikoni, wewe ukiwa umempa mgongo, na asikuite mpaka afike karibu.

Mama yako