Neema, hiyo asilimia si yako

Neema mpendwa,

Barua yako imefika pamoja na ile orodha ya vyuo 12. Umeniuliza swali moja tu: kwa matokeo yako ya darasani na 1490 ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani wenye alama 1600, una nafasi asilimia ngapi? Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoandika namba niliifuta.

Tuanze na hiyo asilimia 3.6 ya waombaji wanaokubaliwa, uliyoiandika mbele ya Harvard. Namba ni ya kweli. Walioomba kuanza masomo mwaka 2024 walikuwa 54,008, wakakubaliwa 1,937. Ila huo ni wastani wa watu wasiofanana hata kidogo. Kwenye kesi kuhusu udahili wa Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 ilibainika kwamba wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa waliosoma pale, watoto wa wafanyakazi na wale wa orodha maalumu ya mkuu wa udahili hawakufika asilimia 5 ya waombaji, lakini walikuwa karibu asilimia 30 ya waliokubaliwa. Wewe si wa kundi hilo. Halafu kati ya hao 54,008 wapo pia waliojaza fomu kwa kubahatisha, na wewe si wao pia. Kwa hiyo 3.6 haikuhusu, si kwa kukutisha wala kwa kukupa moyo.

Kilichoninyima usingizi, mwenzangu, si SAT. Ni mstari wako wa mwisho, ulioupitisha haraka kana kwamba ni jambo dogo: "Nitaomba ufadhili kamili." Hapo ndipo penye kazi yote. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwombaji anayetoka nje ya nchi akiomba msaada wa fedha, uwezo wake wa kulipa unawekwa kwenye mizani wakati wa kuamua. Vyuo vichache sana havifanyi hivyo: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamekuwa hivyo kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin wakafuata mwaka 2022. Kwenye orodha yako vimo vitatu tu vya aina hiyo, nikihesabu na MIT, ambao wana kikomo cha wanafunzi wa nje wanaowachukua. Tena MIT walirudisha sharti la SAT mwaka huohuo wa 2022, na 1490 iko chini ya alama za robo tatu ya wanaokubaliwa huko.

Mimi sikuyajua haya. Niliomba vyuo 11, vikanikataa 9. Kimoja nilikiita chuo changu cha uhakika, kwa kuwa kilikuwa kinakubali karibu theluthi ya waombaji na alama zangu zilikuwa juu kuliko za wengi wao. Nilifungua jibu lao usiku, nimesimama, simu mkononi, nikasoma neno la kwanza nikajua. Nililia, nikaamini insha yangu ilikuwa mbovu. Miaka miwili baadaye ndipo nilipofungua takwimu za chuo kile na kukuta wanafunzi wa nje wanaopewa msaada wa fedha ni wanane. Wanane, Neema, kwa miaka yote minne ya masomo! Kila mwaka walikuwa wakichukua wawili hivi, na mimi nilijiona nimeshaingia.

Sitaki yakukute. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni jedwali refu ambalo vyuo vingi hulitoa kila mwaka kwa mpangilio uleule. Nenda kwanza sehemu ya H6, palipo na idadi ya wanafunzi wa nje wanaopewa fedha na wastani wa wanachopewa. Gawanya idadi hiyo kwa nne upate makadirio ya mwaka mmoja, kisha linganisha wastani na gharama yote ya mwaka, chakula na malazi vikiwemo, maana wastani mdogo una maana hawatoi ufadhili kamili. Baada ya hapo rudi C7 uone wanachokipa uzito, na C9 uone alama. Ila C9 isome kwa tahadhari pale ambapo SAT ni hiari: wanaohesabiwa ni waliotuma alama tu, na mwenye alama ndogo hatumi, kwa hiyo namba zinaonekana kubwa kuliko hali yenyewe.

Berkeley na UCLA nimezikata kwa penseli, unisamehe. Hawaitazami SAT kabisa, na msaada wa fedha kwa mwanafunzi wa nje ni kama haupo.

Umeandika pia kwamba ukiomba vyuo kumi vyenye asilimia 5 kila kimoja, kimoja hakitakosa. Nimepiga hesabu: hata kama kila chuo kingekuwa bahati inayojitegemea, jumla ni kama asilimia 40. Na havijitegemei. Insha ni ileile, walimu wanaokuandikia ni walewale, na hitaji la fedha ni lilelile. Kinachomsumbua msomaji wa chuo cha kwanza kitamsumbua na wa kumi.

Insha yenyewe naipenda. Pale unapoifungua redio mbovu na kupanga skrubu kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio ulizotoka, hapo nakuona kabisa. Anzia hapo. Aya mbili za mwanzo kuhusu ndoto na bidii zifute, zingeweza kuandikwa na mtu yeyote.

Kuhusu Early Decision, yale maombi ya mapema kwa chuo kimoja unachokitaka zaidi, usijaze chochote kabla hatujazungumza. Ni ahadi: ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote, na kinachokuruhusu kujitoa ni fedha wanazokupa zisipotosha.

Vimebaki vyuo kumi. Niandikie H6 ya kila kimoja kabla ya Jumapili, na pembeni uniambie ni vipi ungevifurahia kweli kama ndivyo pekee vitakavyokuita. Kwa vingi, tarehe ya mwisho ya maombi ya mapema ni 1 Novemba, kwa hiyo tunao muda wa kuongeza vitatu au vinne. Viwili ninavyo tayari, nasubiri kwanza kuona hesabu zako.

Rafiki yako,
Rehema