Mkeka hauliwi, lakini siwezi kuuacha

Shangazi, shikamoo.

Miezi miwili iliyopita nilichukua shilingi 42,000 kwenye kibubu cha kodi ya nyumba nikanunua ukindu wa kusukia mkeka. Mume wangu hakujua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu, na sitaki unishauri ukidhani mimi ni wa kuonewa tu.

Nina miaka 37. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ya wapangaji watano, choo kimoja na uani mmoja. Watoto ni wanne. Mkubwa ni binti, yuko kidato cha kwanza, na kitindamimba ana miaka mitatu. Mume wangu ni fundi mwashi. Siku yenye kazi anarudi na 25,000, siku nyingine anarudi mikono mitupu, na masika ikishika anaweza kukaa wiki nzima ndani anasikiliza mvua juu ya bati. Mimi nauza maandazi na chai barazani. Naamka saa tisa usiku kukanda unga. Unga, mafuta, sukari na mkaa vikitoka, siku nzuri nabaki na 6,000 au 7,000.

Ada ya shule hatulipi, maana tangu 2016 serikali iliifuta mpaka kidato cha nne, na nashukuru kwa hilo kila siku. Lakini mwenye watoto anajua kilichobaki: sare, madaftari, mchango wa chakula, tuisheni, nauli ya daladala asubuhi na jioni. Kodi ni 70,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Laki nne na ishirini haitoki mfukoni mwa fundi siku moja, ndiyo maana tuna kibubu. Yeye anatia, mimi natia, wakati mwingine 1,000, wakati mwingine 500 ya chenji.

Sasa nikueleze ukindu ni nini kwangu.

Kwetu ni Rufiji. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, na nilianza kushika chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, nikiwa na miaka saba, nimekaa katikati ya miguu yake. Majani machanga ya mkindu yanakatwa, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa meupe, yanachanwa membamba kwa ukucha au ncha ya sindano. Mengine yanachemshwa kwenye rangi. Ukitaka kusuka unayalowesha kwanza yasikatike. Watu wengi wanaona mkeka umekwisha na kudhani ulisukwa hivyo hivyo mzima, kumbe kinachosukwa ni ukili, utepe mrefu mwembamba unaokunjwa kama mpira wa maji, halafu ndipo unachukua shazia, sindano kubwa ya mikeka, na kuuunga mzunguko kwa mzunguko. Ukili wa mama ulikuwa wa upana wa vidole viwili. Mkeka mmoja wa futi 6 kwa 4 unakula kama pima 30 za ukili wa namna hiyo, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukitaka haraka unasuka ukili mpana, lakini mama alisema ukili mpana ni wa jamvi la kuanikia mpunga, si wa kulaza mtu.

Mama alifariki 2019. Mikeka yake ilibaki nyumbani kijijini kwa kaka yangu, na mmoja ulikuwa wangu, alinisukia nilipoolewa, ila sikuuchukua mjini kwa kuogopa kuuchakaza kwenye chumba cha kupanga. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, nadhani unakumbuka. Nyumba ya kaka ilijaa maji mpaka dirishani. Watu walitoka salama, alhamdulillahi, lakini mikeka ilikwenda na maji yote. Nilikaa siku nyingi nikijilaumu kwamba ule mkeka ningeulalia tu ungechakaa mikononi mwangu.

Ulikuwa na mistari ya zambarau iliyopandana kama ngazi, na pembeni kijani. Sikuwahi kumwuliza mama unaitwaje ule mtindo. Siku moja mwaka jana binti yangu alipewa kazi ya mikono shuleni, nikamnunulia kifungu kidogo cha ukindu, nikaanza kumwonyesha, na vidole vyangu vikaanza kusuka ile ngazi vyenyewe. Sikuwa nimeikumbuka kwa kichwa. Shangazi, nililia mbele ya mtoto.

Tangu hapo nasuka kila usiku. Tukishakula, vyombo vikaoshwa, wadogo wakalala, naketi chini kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa tano. Nikitulia natoa nusu pima, nikichangamka pima nzima. Ndiyo saa pekee kwenye siku yangu ambayo hakuna anayeniita. Nikilala baada ya hapo nalala usingizi wa kweli, na saa tisa naamka bila kumchukia mtu.

Mume wangu hakupinga mwanzoni. Ni mtu mwema, simsemi vibaya. Hajawahi kuninyoshea mkono na akipata anatoa. Lakini malalamiko yakaanza kidogo kidogo. Umeme wa LUKU tunachanga wapangaji wote, na jirani alisema taa ya kwetu ndiyo inazimwa mwisho. Nilipochemsha rangi uani, maji ya zambarau yalibaki kwenye sakafu siku mbili na mama wa chumba cha mbele akasema maneno. Chane zinatapakaa, mtoto wa miaka mitatu alijichoma unyayo. Mambo hayo ni ya kweli na nimeyarekebisha: natumia taa ndogo ya kuchaji, rangi nachemsha siku ya kudeki, shazia naiweka juu ya kabati.

Hesabu yake ndiyo iliyonishinda. Alikaa na kalamu. Mkeka mmoja, alisema, unauza 60,000, ukindu na rangi 15,000, unabaki na 45,000, na umekaa nao miezi miwili. Gawanya kwa siku 60. Ni shilingi 750 kwa usiku. "Ungelala mapema ukaongeza vitumbua asubuhi, ungepata mara tatu ya hiyo." Akamalizia kwa kusema, "Mama watoto, mkeka hauliwi." Sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi.

Utasema, basi uza mingi. Nilijaribu. Jirani mmoja ana harusi, akaagiza mitatu kwa mwezi na nusu, 40,000 kila mmoja, nusu mkononi na nusu siku ya kuchukua. Nikasuka ukili mpana ili niwahi. Nikasuka mchana barazani huku nauza, nikasuka mpaka saa saba usiku. Watoto wakala maandazi yaliyobaki jioni mara tatu kwa wiki. Nilimgombeza wa pili kwa kosa la kukanyaga ukili kana kwamba amevunja jeneza. Mikeka ikaisha, mteja akachukua, nusu iliyobaki mpaka leo ni "nitakutumia kwa simu". Fedha inaniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuweza hata kuitazama ile mikeka. Kwa wiki mbili baada ya hapo sikushika chane. Nikaogopa kwamba nimeuza kitu ambacho si mkeka.

Mwenzangu kwenye kikoba ananishauri nikope nifanye biashara yenyewe. Ile mikopo ya kausha damu siigusi, nimeona mtaani kwetu mwanamke akichukuliwa godoro na friji kwa deni ambalo mwanzo lilikuwa dogo. Nimeelezwa pia habari ya mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni ya wanawake. Ni jambo zuri, lakini inataka kikundi, na wasusi ninaowajua mimi wako Rufiji. Hapa mtaani watu wanatandika mikeka ya plastiki. Siwalaumu, inaoshwa kwa maji na kukauka.

Nirudi kwenye ile 42,000. Mama mdogo alinipigia simu kutoka kijijini kwamba ana mzigo wa ukindu umekatwa na kukauka vizuri, mweupe kabisa, na kuna mnunuzi mwingine anaunyemelea. Ulikuwa unatosha kumaliza mkeka wa ngazi na kuanza mwingine. Sikuwa na hela. Nilifungua kibubu nikiwa nimejiapiza kurudisha ndani ya wiki mbili kutoka kwenye maandazi. Mzigo ukaja na basi mpaka kituo cha Rangi Tatu, nikaupokea mwenyewe, nikaubeba kichwani na furaha kama ya bi harusi. Wiki ileile mtoto wa tatu akapata malaria, wiki iliyofuata mafuta ya kupikia yakapanda, na sikurudisha hata senti.

Siku mwenye nyumba alipokuja, mume wangu alihesabu mara mbili. Nikamwambia ukweli. Hakupaza sauti. Alitoka akaketi kizingitini, kimya, viatu vya kazi bado miguuni vina saruji. Afadhali angegomba. Akaenda kukopa kwa fundi mwenzake na deni hilo amelilipa kwa kubeba zege Jumapili mbili.

Tangu siku hiyo hela ya kodi anaiweka kwenye simu yake. Ukindu uko nyuma ya kabati. Ukili umefika pima 19, sijaugusa. Hajanikataza, Shangazi. Angenikataza ningejua pa kuanzia. Anasema tu, "Fanya unavyoona."

Kuna mambo mawili ambayo sijamwambia.

La kwanza, yeye Jumapili anakwenda kibanda umiza kutazama mpira. Analipa kiingilio, anakunywa soda, anarudi jioni na sauti imekauka kwa kushangilia. Sijawahi kumhesabia. Najua mwili wa mtu aliyepandisha matofali wiki nzima unahitaji kitu, na hakuna mtu mtaani anayeuliza mpira umemwingizia shilingi ngapi. Kwa nini kwake yanaitwa mapumziko, kwangu inaitwa hasara? Naogopa nikisema hivyo baada ya kosa la kibubu itaonekana natafuta pa kujificha. Lakini naliamini neno hili, na linanikaa kooni.

La pili ni zito zaidi. Binti yetu alikuwa anasuka pamoja nami. Mwalimu wake aliniita, akasema mtoto anasinzia darasani na hesabu zimeshuka, na hapo nilijiona mkosaji, nikamwekea mpaka: saa nne awe kitandani, na chane hashiki kabla daftari halijafungwa. Akatii. Sasa, mtoto huyu ana miaka 14 na mchana haongei na mimi. Ukimwuliza habari za shule anajibu "nzuri" na kuingia ndani. Lakini mikono ikiwa kwenye ukili na macho yakiwa chini, anasema. Usiku mmoja, bila kuniangalia, aliniambia kuna kijana wa bodaboda anampa lifti ya kurudi nyumbani na amemnunulia chipsi mara mbili, sasa ameanza kumwomba namba ya simu. Nilitaka kuruka. Nikaendelea kusuka. Nikamwuliza polepole, naye akanieleza yote, na kesho yake nikaanza kwenda kumpokea kituoni mwenyewe. Kijana akaacha.

Angeniambia tukiwa tunaosha vyombo? Sijui, na sitaki kukudanganya. Ninachojua ni kwamba wiki hizi zote tangu tuliponyamaza, mimi na mkeka, na yeye amenyamaza. Juzi aliniuliza tu, "Mama, ile ngazi hatumalizi?"

Baba yake hajui habari ya bodaboda. Niliogopa angekwenda kumpiga yule kijana akaishia polisi. Hivyo kila anapouona ule mkeka anaona shilingi 750, na mimi sina namna ya kumwonyesha kilichomo ndani yake bila kufungua jambo la mtoto aliyeniamini.

Basi naomba unisaidie haya. Nimwambie mume wangu habari ya binti, sasa hatari imepita, au nitakuwa nimeufunga mdomo wake kwangu moja kwa moja? Ile 42,000 nimeanza kuiweka kando, 1,000 kila siku ya mauzo mazuri, nimefika 17,000. Nikamilishe kwanza na kumkabidhi mkononi ndipo niombe kurudi kwenye ukili, au nizungumze naye leo nikiwa bado mdaiwa? Na kubwa kuliko yote: kwenye nyumba inayohesabu mpaka kijiko cha sukari, ni halali mama awe na kitu kimoja kisichouzwa? Nimewauliza wanawake wenzangu na kila mmoja ananijibu nitafute wateja. Hakuna aliyeniuliza mkeka wenyewe ni wa nani.

Ni wa binti yangu. Nataka ulale kitandani kwake akiwa bado kwangu, si siku ya harusi, uchakae na yeye akiuona. Zimebaki pima 11.

Naomba unijibu mapema, Shangazi. Fundi amepata kazi ya mwezi mzima Chamazi, anarudi amechangamka siku hizi, na nadhani huu ndio wakati wa kusema naye.

Mama wa watoto wanne,
Mbagala